Anauza vyumba vya meli mahali pasipo na ziwa

Saa tatu asubuhi mvua inayapiga mabati ya stendi ya Kasulu hivi kwamba hata kuomba chumvi ni lazima upaze sauti. Ndani ya kibanda chenye mlango wa bluu, Vestina Ndayiragije anamimina maharage kwenye ungo na kuanza kujenga meli.

Maharage mekundu anayatandaza ukingoni, yamebanana. Hilo ni daraja la tatu, la benchi na sitaha, ambako msafiri hulala pale pale alipokaa. Ya njano yanafuata kwa safu, hayo ni daraja la pili, vyumba vya vitanda vinne. Meupe anayapanga mawili mawili, daraja la kwanza. Juu ya yote anaweka mbegu mbili tu za maboga.

"Hivi ndivyo vyumba vyenyewe," anasema, akizigusa mbegu kwa kidole. "Vyumba vya baraza. Una kitanda chako, mwenzako ana chake, halafu upande wa maji kuna mlango mwingine. Ukiufungua unatoka kwenye kibaraza chako. Unakaa, unanyoosha miguu, milima ya Kongo ile pale. Hakuna wa kukukanyaga."

Wateja wanautazama ungo kama watu waliosimama buchani wakichagua mfupa. Wengi wao ziwa lenyewe hawajaliona.

Huku ni nyanda za juu, nchi ya mihogo na maharage. Bandari iko Kigoma, mwendo wa lori, na mwezi huu wa Januari 1998, mvua za elinino zikiwa zimeng'oa madaraja na kuigeuza barabara kuwa uji, lori linafika likipenda. Meli inayoteremka kusini mwa Ziwa Tanganyika nayo hung'oa nanga mara moja kwa wiki. Ukiikosa, umeikosa.

Kazi ya Vestina ni kuwachagulia watu wa Kasulu, Heru Juu, Buhigwe na Kibondo mahali pa kulala ndani ya chombo wasichokijua. Akishakubaliana nao, hupeleka majina yao bandarini kwa redio ya upepo ya parokia, kabla ya saa nane mchana wa siku ya kuamkia safari. Kwa kitanda cha chumbani hupata shilingi mia tano. Kwa benchi hupata mia moja.

"Wiki nzuri inaninunulia sabuni na mafuta ya taa, na kitu kidogo cha ada," anasema mama huyo wa miaka thelathini na sita. "Wiki mbaya inanipa maneno tu."

Wiki hii maneno yapo tele, na yanamsubiri mlangoni.

Mbegu moja ya boga ilishachukuliwa na mfanyabiashara wa Kigoma. Ya pili ni ya Makarius Hatungimana, fundi seremala mzaliwa wa Murungu, Kibondo, anayefanya kazi Kirando, mbali kusini mwa ziwa. Mkewe, Ange, alijifungua kwa kupasuliwa kabla ya Krismasi. Mtoto yuko salama, mama yake hayuko salama. Homa imemkamata, chakula anakitema, na kila akizinduka anamwita mama yake mzazi.

Ndipo Makarius akapanda meli kuja kumfuata huyo mama. Wiki iliyopita, akipita Kasulu kuelekea Murungu, aliingia kwa Vestina na kuweka oda ya kurudi.

"Aliniambia anataka chumba kizuri kuliko vyote," Vestina anakumbuka. "Nikamwambia cha baraza kimebaki kimoja, vitanda viwili. Akasema vema, tutakuwa wawili, na yeye atalala barazani. Nikacheka. Nilidhani ananitania, maana wapo wanaopenda upepo. Huyo wa pili ni nani, sikuuliza."

Sasa huyo wa pili amefika. Ni bibi Esteri, mwembamba, amejitanda khanga mbili juu ya kitenge, miguu imejaa tope la Kibondo. Amekaa kwenye kigoda ndani ya kibanda, karibu na jiko la mkaa. Furushi lake liko magotini. Makarius yuko nje, amesimama chini ya ukingo wa bati, mgongo ameupa mlango.

"Ingia ndani, baba, unalowa!" Vestina anamwita.

"Asante dada, hapa panatosha," anajibu bila kugeuka.

Panatosha nini? Maji yanatiririka kutoka kwenye kofia yake mpaka ndani ya kola. Mbwa wa stendi mwenyewe amejibanza mahali pakavu kuliko hapo.

Vestina anamgeukia bibi Esteri ili wacheke pamoja ukaidi wa vijana. Bibi hacheki. Amevuta khanga hadi puani na kigoda amekigeuza, anatazama ukuta. 

"Mama," anauliza kwa Kirundi, lugha ambayo Muha wa Murungu anaielewa bila kukuna kichwa, "huyo hapo nje umemzaa?"

"Nimemzalia mke," anajibu bibi. "Ni mkwe wangu."

Vestina anakaa kitako juu ya gunia la maharage.

Kwa watu wa rika la bibi Esteri, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hawali sahani moja wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Mkwe hakanyagi chumba anacholala mama wa mkewe, sembuse kujilaza humo. Si chuki. Ni heshima, na wao wenyewe wanaifuata bila kulalamika. Kutoka Murungu hadi Kasulu bibi alikaa mbele na dereva wa lori, Makarius akakaa juu ya magunia na mvua yake. Hakuna aliyewapangia.

Na Vestina amewauzia chumba kimoja.

"Dada, usihangaike," Makarius anasema kutoka nje. Amesikia ukimya na ameuelewa. "Si kina baraza? Mabukwe, mama mkwe, atalala ndani, mimi nitalala barazani. Kama nyumbani tu. Nilipokuja nilikuwa huko chini kwenye benchi, lakini bandarini niliziona baraza zile, zimejipanga ubavuni mwa meli. Nzuri kabisa."

Vestina anachukua ungo, anatoka nao mpaka mlangoni, anainua mbegu ya boga.

"Kwenye baraza unaingilia wapi, baba?"

"Kwa nje."

"Nje ni maji, Makarius. Meli si nyumba ya Murungu. Mlango wa kutoka ukumbini unakuingiza chumbani. Unapita katikati ya vitanda. Ndiyo unafika barazani. Njia nyingine hakuna, labda uwe samaki."

Makarius anageuka kwa mara ya kwanza, anautazama ungo. 

"Kila ukienda, unapita miguuni pa mama," Vestina anaendelea, sauti ameishusha. "Ukihitaji kujisaidia, unapita. Mvua ikikufukuza, unaingia. Mimi nilikuuzia baraza, mlango sikukuonyesha. Nisamehe."

Kibanda kina ukuta wa mbao na mbao zina nyufa. Bibi Esteri amesikia kila kitu. Anasimama, anafunga furushi lake upya, mafundo mawili.

"Nirudisheni Murungu," anasema.

"Mama, na Ange je?"

"Ange ndiye ninayemwogopea. Mwana wanje, binti yangu anapigania roho. Nilale mbele ya mume wake, nimvukishe miguu yangu, halafu nifike nimguse na mikono hii? Nitakuwa nimempelekea nini? Dawa au balaa?"

Mtu wa mjini angeweza kubishana naye. Vestina habishani. Na yeye ana binti aliyeolewa, Sophie, huko Kasanga, na ana mkwe ambaye kila akija Kasulu hupiga hodi kutokea kwa jirani. Anajua kwamba huyu mama akilazimishwa atapanda meli akiwa amekwisha kata tamaa, na mwuguzi aliyekata tamaa ni mzigo mwingine kwa mgonjwa.

Jambo la kufanya ni moja tu, kutafuta kitanda kingine. Anajitupia mfuko wa nailoni kichwani, anakimbilia parokiani.

Redio ya upepo iko kwenye chumba cha katekista Evaristi, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Anamwitia Kigoma. Inachukua muda mrefu, kukoroma kwingi, kisha sauti ya karani wa bandarini inaingia.

Vestina anaomba chumba chochote. Hakuna. Daraja la pili? Hakuna. Maji yameharibu njia ya treni, watu wa kusini wote wamejazana kwenye meli.

"Basi benchi moja. Moja tu. Ova."

"Mama Sophie, hata benchi sina. Hata palipo na kamba za nanga pana mtu. Ova."

"Na mtu mmoja akibaki kwenye kile chumba? Ova."

"Kitanda kisicho na jina kufikia saa nane nakitoa. Hapa dirishani kuna watu wamelala wanakingoja. Wanawake na wanawake, wanaume na wanaume, isipokuwa familia. Umenipata? Ova."

Amempata. Bibi Esteri angeweza kwenda peke yake na mwanamke mgeni, lakini Kirando meli haina gati. Abiria hushuka gizani kwenye mtumbwi unaoruka juu ya mawimbi, na bibi hajawahi kuona maji mapana kuliko mto. Anayeijua njia ni Makarius. Anayehitajika ni Esteri. Mmoja bila mwingine ni kazi bure.

Kurudi stendi anatembea polepole, ingawa mvua haijapungua. Anasimulia: "Nilisema, Mana yanje, Mungu wangu, mtu atakufa kwa sababu ya mdomo wangu."

Vestina ana sababu yake ya kuyaogopa maji. Mwaka 1972, akiwa na miaka kumi, alivuka na wazazi wake kutoka Burundi kuingia Kibondo. Kwenye mto mmoja ulikuwapo mtumbwi mmoja na watu wengi mno. Alishikwa mkono na mama yake, akaponyoka, akanywa maji, akavutwa kwa nywele na mtu ambaye mpaka leo hamjui. Wakapewa shamba, wakalima, miaka ikapita wakapata na uraia. Alikua, akaolewa na Leonidasi, fundi baiskeli wa Heru Juu, akawa anapeleka maharage Kigoma kuwauzia mabaharia.

Ni huko bandarini alikoijua meli. Mpishi mmoja alimruhusu kupanda ikiwa imefungwa gatini, akatembea vyumba vyote, akafungua kila mlango, akakaa hata barazani. Nahodha alipopiga honi ya kujaribu mitambo, Vestina alishuka mbio akiacha kandambili moja. Amewapandisha mamia ya watu. Yeye mwenyewe hajasafiri nayo hata siku moja.

"Mume wangu hunitania," anasema. "Husema mimi ni kama mpishi wa nguruwe aliye Mwislamu."

Anapofika kibandani anamkuta mteja mwingine. Antoinette, mzaliwa wa ng'ambo, Fizi, aliyeolewa Kasulu miaka mingi kabla ya vita, anauza vitenge mpaka Kasanga. Amekuja kuthibitisha benchi lake. Marobota yake mawili makubwa yako mlangoni, yamefunikwa turubai, na yeye amesimama kando yake kama askari.

Vestina anaangalia marobota. Anamwangalia Antoinette. Akili inakimbia.

"Mama Trésor," anaanza, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, na sauti ameitia asali, "ungependa kulala chumba cha baraza?"

"Chambre ya balkon? Miye?" Antoinette anacheka mpaka anashika kiuno. "Na franga ya nani?"

"Bure. Kimeshalipiwa. Wewe ulale na huyu mama, mkwe wake achukue benchi lako."

Kicheko kinakatika. Antoinette si mtoto. Anauliza maswali yote, anajibiwa yote, anamtazama bibi Esteri aliyefunika uso, anamtazama Makarius kule nje.

"Mambo ya mukwe naelewa," anasema. "Kwetu vilevile. Mukwe akipita, unajificha mupaka nyuma ya muhogo. Lakini bitu yangu itabakia na nani? Kule juu marobota haiingiake."

"Yatabaki na Makarius. Atayalinda."

"Aha! Kulinda!" Sasa amekasirika kweli. "Mama Vestina, ile mwaka nilimwachia mutu mwenye sura ya muchungaji. Nikaenda kuoga tu. Nikafika Kasanga, nafungua robota, nakuta nini? Majani. Majani ya migomba! Nililia mupaka sauti ikaisha. Miye nalala juu ya bitu yangu. Balkon nitaiona siku ingine."

Makarius anajitetea kutoka nje. Anasema ataweka baiskeli yake rehani, ataapa kwa jina la Bwana. Kila anachosema kinamzidishia Antoinette wasiwasi, kwa sababu yule mwizi wa majani naye aliapa vizuri sana.

Vestina naye anadhamini jina lake. "Akikuibia, njoo ubomoe kibanda hiki."

"Nibomoe, nikavae mbao?"

Saa saba imeshapita. Dereva wa lori la Kigoma anapiga honi, anataka kuwahi kabla mto wa njiani haujajaa. Wateja wengine wamekwishaacha habari zao, wanasikiliza kesi hii ambayo haina hakimu. 

Hapo bibi Esteri anateremsha khanga kutoka puani. Hageuki kumtazama mkwe wake. Anamtazama Antoinette, na kwa Kiswahili chake cha kuchimba neno moja moja anasema:

"Mwanangu. Mtu huyu, jina lake silitaji, uso wake siutazami. Lakini miaka minne iliyopita alikuja kwetu, akaomba. Nilikuwa na binti mmoja tu. Nikampa." Anapumua. "Mimi nilimpa Ange. Wewe unaogopa kumpa vitenge?"

 

Nje, Makarius ameweka paji la uso kwenye nguzo ya kibanda na mabega yanamtikisika. Katika miaka minne ya ndoa hajawahi kusikia mama mkwe wake akimsema, kwa jema wala kwa baya. Leo amemsema mbele ya stendi nzima, tena wakati ambao angeweza kumlaumu, maana binti aliyempa sasa ni mgonjwa.

Antoinette anajifuta macho kwa ncha ya kitenge, ananung'unika kwa Kifaransa, kisha anapiga teke robota moja kuelekea kwa Makarius.

"Beba, basi!" anamfokea. "Na usilale! Ukilala, nitakuona toka balkon!"

Vestina hangoji kusikia zaidi. Yuko njiani tena, tope mpaka magotini.

Parokiani anamkuta Evaristi amekaa mikono kifuani na redio imezimwa. Radi. Waya wa juu ameuchomoa, na sauti za ngurumo zinatembea kutoka upande wa Buhigwe. Mwaka juzi radi iliingia kwa waya huo huo, ikaunguza meza.

"Ikipita nitachomeka," anasema.

"Evaristi, zimebaki dakika."

"Mama Sophie, mimi nina watoto."

"Na Ange ana mtoto. Ana mwezi mmoja."

Anamweleza habari yote kwa pumzi moja. Evaristi anavua miwani, anaifuta, anaivaa. Anakwenda dirishani, anatazama mbingu kama mtu anayesoma bei. Ngurumo moja inapita, yeye anahesabu kimya kwa midomo. Inayofuata inachelewa kidogo.

"Simama mbali," anasema, na kuuchomeka waya.

Kukoroma. Kigoma haisikii. Anaita tena. Vestina amejibana ukutani, vidole masikioni, midomo inasali. Kwa mara ya tatu karani anaitika.

"Chumba kile, Mama Sophie, nimeshamwandika mtu mwingine kwa penseli. Ova."

"Futa!" Vestina anaruka hadi kwenye redio akisahau radi na kila kitu. "Futa hiyo penseli! Kitanda cha kwanza Esteri, mama wa Ange. Kitanda cha pili Antoinette. Benchi la Antoinette anakaa Makarius Hatungimana. Wanawake na wanawake! Umenipata? Ova!"

Redio inakoroma.

"Nimekupata. Nafuta. Lakini mlivyochelewa! Ova na kuishia."

Evaristi anauchomoa waya haraka, kisha wote wawili wanakaa chini sakafuni, wakitazamana na kucheka kama wendawazimu.

Lori linaondoka. Bibi Esteri yuko mbele na dereva. Antoinette amejibanza kando yake, tayari anamsimulia habari za majani ya migomba. Juu, kwenye magunia, Makarius amelala kifudifudi juu ya marobota mawili na ameyakumbatia. Vestina anasimama katikati ya stendi akipunga mkono hata baada ya lori kupotea kwenye kona.

Siku zilizofuata, anakiri, hazikuwa na ladha. Kila redio ilipokoroma aliuliza habari za Kirando, na kila mara aliambiwa hakuna. Alikosea kupanga maharage. Mteja mmoja wa Heru Juu alilazimika kumwuliza kama daraja la pili limehamia majini. Nyumbani Leonidasi alimwona amekaa na sufuria iliyoungua mbele yake, akaiondoa mwenyewe.

Gazeti hili liko kibandani kwake siku Antoinette anaporudi. Anashuka kwenye lori bila marobota, na anaanza kusimulia kabla mguu haujagusa ardhi.

"Vitenge yote! Hata uzi moja haikupotea!" anapaza sauti. "Ule mutu hakulala. Nilichungulia saa yote, yeye macho kodo, kama bundi!"

Anaeleza kwamba jioni ya kwanza bibi Esteri hakuthubutu hata kuugusa mlango wa baraza. Alikaa kitandani ameshika ukingo, anasali rozari. Asubuhi maji yalitulia, Antoinette akamfungulia. Bibi akatoka, akakaa, mgongo ameupa ukuta, akaona maji mpaka mwisho wa macho. Kisha akasikia sauti ikimwamkia kutoka chini.

Alikuwa Makarius. Benchi la Antoinette lilikuwa ubavu huo huo, sitaha ya chini, na akisimama kwenye reli alikuwa karibu kabisa chini ya baraza ya mama mkwe wake. Yeye aliyatazama maji. Bibi naye aliyatazama maji. Sakafu ya baraza ilikuwa katikati yao.

"Wakaongea," Antoinette anasema, sauti imeshuka. "Mama Vestina, wakaongea mupaka jua likawa juu. Bila kuonana uso. Habari ya Ange alivyokuwa mudogo, habari ya mashamba, yote. Halafu mama akauliza kama amekula. Ule mutu akasema atakula Kirando. Mama akafunga viazi ndani ya kitenge yangu, akaishusha polepole kwa kamba. Kitenge yangu ya kuuza! Nikasema acha, ishuke."

Vestina anacheka na machozi yanamtoka kwa wakati mmoja. Lakini bado hajauliza anachotaka kuuliza. Mikono inazungusha ungo, inaurudisha.

"Na Ange?"

Antoinette anakaa chini kwanza. Wakati wa kurudi, anasema, meli ilisimama Kirando na mtumbwi ulimletea ujumbe. Makarius mwenyewe alikuja nao, akiwa amesimama ndani ya mtumbwi na kupiga kelele kutoka majini.

"Alisema, mama anasema hivi: mwambie Vestina, Ange amekunywa uji mkononi mwangu. Alikunywa, haukurudi."

Vestina anajifunika uso kwa khanga. Wanawake wa stendi wanakuja kumshika mabega, wengine hawajui hata analia nini.

Homa, Antoinette anaongeza, bado ipo, ila imeshuka. Ange anakaa. Anamnyonyesha mwanawe kidogo kidogo. Bibi Esteri hatarudi Murungu mpaka msimu wa kuvuna mihogo.

Biashara haingoji machozi yakauke. Kijana wa kutoka Kibondo, shati jipya, anainama juu ya ungo na kuuliza bei ya chumba kizuri kuliko vyote, cha watu wawili. Kidole cha Vestina kinaelekea kwenye mbegu ya boga, kisha kinasimama hewani.

"Kwanza niambie," anasema. "Unasafiri na nani?"

Kijana akishajibu, Vestina anamwonyesha mlango ulipo, kwa kijiti cha kiberiti alichokipachika kando ya mbegu. Kijiti hicho hakikuwapo zamani.

Je, yeye mwenyewe atasafiri lini?  Sophie, binti yake wa Kasanga, ni mjamzito, anatarajia mwezi wa sita, mvua zikiwa zimekatika. Mkwe ameshatuma salamu kwamba atakuja kumchukua mama mkwe wake, Vestina ametaka chumba cha baraza, na kitanda cha pili Antoinette amekwisha jiwekea bila kuulizwa. Leonidasi anasema itabidi wamfunge kwa kamba honi ikilia.

"Maji bado nayaogopa, sikufichi," anasema, akiyazoa maharage kwa viganja. "Nimejaribu kuwaza namna nyingine. Nitume pesa, nitume salamu, nimwombe Evaristi aniitie Kasanga kila siku. Nikaona haifai. Uji haupikwi kwa redio."